Kifaa cha kusukuma saiti ya Mosin, uzoefu wangu

Wenye Mosin-Nagant 91/30 (ile bunduki ya zamani ya jeshi la Wasovieti) mnaijua hii, unalenga katikati risasi inaenda kivyake, na mara nyingi mtutu hauna shida yoyote ni saiti tu, yaani vile vilengeo vya juu ya mtutu. Wasovieti walizipima hizi bunduki singe ikiwa imefungwa mbele, sisi tunapiga bila singe, mtetemo wa mtutu unabadilika na risasi zinahama. Saiti ya nyuma ina mizani ya umbali hadi mita 2000 (nani atapiga huko sijui) ila kushoto kulia haiendi ng'o, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa saiti ya mbele, nayo imebanwa kwenye mfereji wake haina hata skrubu ya kuilegeza.

Wengi wanatumia kipande cha shaba na nyundo. Unagonga haiendi, unagonga tena haiendi, unaongeza nguvu kidogo tu inaruka inapita kule ulikotaka na unaanza upya upande wa pili. Ndo nikanunua hiki kifaa, kinakaa kama jiriwa ndogo, unakivalisha mtutuni (hakikisha bunduki haina risasi kwanza jamani, boliti, lile komeo la nyuma ya risasi, itoe kabisa), unakibana kwenye kitako cha saiti halafu unazungusha skrubu yenyewe inasukuma taratibu.

Uzuri wake ni kwamba sasa unapiga hesabu. Toka saiti ya nyuma hadi ya mbele kwenye 91/30 ni kama milimita 620, maana yake ukisogeza saiti milimita 1 risasi inahama kama sentimita 16 ukiwa mita 100. Skrubu ya changu ni M6, mzunguko mmoja ni milimita 1, basi robo mzunguko ni sentimita 4 hivi. Lakini usianze kuhesabu pale skrubu inapogusa, mwanzoni kifaa chenyewe kinajikaza kwanza, utasikia mkono umekuwa mzito halafu kama "tik" ndogo, hapo ndo saiti imeondoka. Mimi napima na venia kabisa (kile kipimo cha milimita ndogo ndogo), siamini macho. Na mwelekeo ni rahisi, saiti ya mbele inafuata kosa, risasi zikienda kushoto unaisukuma kushoto.

Kama bunduki yako imetoka stoo na ile grisi ya jeshi iliyoganda, usilazimishe, weka mafuta ya kulegeza kutu uache yalale humo usiku mzima, pasha na drai ya nywele ndo uzungushe. Pia angalia vizuri utaona mstari wa tindo umepita juu ya saiti na kitako chake kwa pamoja, huo waligonga mafundi wa jeshi baada ya kupima. Usiufute, ndo unakuonyesha ulikotoka ukitaka kurudisha ilivyokuwa.

Kilichonikera, ncha ya skrubu ni chuma kitupu na inakwangua ule weusi wa saiti. Nimeweka kipande cha ngozi katikati, kinasaidia ila muuzaji angeweka kofia ya shaba tu mambo yakaisha, sio kitu cha gharama hicho.

Halafu msitegemee kitarekebisha juu chini. Mosin nyingi mita 100 zinapiga juu, hapo dawa ni kurefusha kile kisindano cha kulengea kwenye saiti ya mbele, wengi wanavalisha gamba la waya wa umeme halafu wanalikata kidogo kidogo mpaka risasi zikae. Ikipiga chini ndo unakipunguza kwa tupa, na tupa haina kurudi nyuma, piga pasi moja ujaribu.

Kwenye Mauser K98k, bunduki ya Kijerumani, kifaa hakikukaa, kitako cha saiti yake kina umbo lingine kabisa. Wenye SKS (bunduki nyingine ya Wasovieti) msinunue, yenu kisindano kinapanda na kushuka kwa kuzungushwa, mnahitaji ufunguo wake tofauti.