Mizani ya mfukoni na lenzi ya sonara kwa pesa za Mjerumani: mizani safi, lenzi poa, kichupa tupa

Nimechukua Kariakoo seti ya mizani ya dijitali na lenzi yenye kitaa, havina hata jina la kampuni, sababu mzee katuachia kopo la zile sarafu za shaba za Mjerumani zinazoitwa pesa na kila mtu mtaani ana bei yake.

Mizani nimeikubali. Pesa moja ina gramu 6 na nusu hivi, upana kama milimita 25, ikichakaa inapungua kidogo tu, so ukiona inasoma 5 au 8 shtuka. Ila zima feni kwanza, la sivyo namba zinacheza.

Lenzi wameandika 40x, waongo hao, 10x yenyewe kwa mbali, ingawa kwa kazi hii inatosha. Upande mmoja utaona tai na mwaka, 1890 mpaka 1892, na pembeni Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft (yaani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki), upande wa pili Kiarabu na mwaka wa Kiislamu, 1307, 1308 au 1309, kwahiyo chini ya tai pakifutika geuza usome huko. Cheki na ukingo, ukikuta mshono, au uso una vitundu vitundu kama mkate, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, achana nayo. Kitaa chake hakina maana, kinaficha mikwaruzo, mi nainamisha sarafu dirishani.

Bei sasa, tusidanganyane. Hizi 64 ndo zilikuwa rupia moja, na za 1892 zilipigwa nyingi mno, iliyolika ni dola chache tu, za 1890 ndo chache zaidi. Na wale wa hadithi ya rupia ya kimiujiza inayovuta mchele msinitafute kabisa 😂

Kichupa cha kung'arishia shaba walichoniongezea bure msithubutu, wala limau wala majivu. Ule ukahawia ndo mnunuzi anaulipia, ukiutoa ikabaki nyekundu inayowaka bei imekufa na haurudi. Yenye udongo iloweke maji ya chupa, ya kisima yana chumvi, halafu ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini, usisugue. Vifuko vya plastiki laini vya kwenye seti, vile vinavyonuka, navyo sivitumii, vinaacha utelezi wa kijani na kwa unyevu wa Dar ndo kabisa, mi natumia bahasha ndogo za karatasi, kila sarafu na yake.