Sindano ya cherehani: kuinoa au kuweka mpya?

Kwa gharama, kunoa kunashinda. Pitisha ncha juu ya ukucha. Ikikwaruza, ncha ina kinundu, na kipande cha msasa laini kitakiondoa. Lakini msasa haunyooshi sindano iliyopinda, wala haulainishi tundu lililochubuka, na hapo ndipo uzi hukatikia. Ukinoa kupita kiasi ncha hufupika, cherehani ikaanza kuruka mishono. Kwa kutegemewa, basi, mpya iko mbele sana; wengi huibadilisha baada ya saa 8 hivi za kushona. Matunzo ni yaleyale: usivute kitambaa kwa nguvu.

Unashona viraka na magunia? Noa. Hariri ya mteja, weka mpya. Kitambaa kinachovutika kinataka ncha ya mviringo, hivyo hicho usikijaribie sindano uliyoinoa.