Ruhusa ya kuruka: redio au taa nyekundu?
Tenerife, kisiwa cha Uhispania, 1977: mawasiliano mawili yaligongana redioni, marubani wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wakasikia mluzi badala ya onyo. Ndege yao ikagonga nyingine iliyokuwa bado njiani; watu 583 walikufa. Taa za njia ya kurukia, zilizojaribiwa uwanja wa Dallas/Fort Worth, Marekani, hazina lafudhi wala mluzi: nyekundu ikiwaka, simama. Ikizimika, hiyo si ruhusa. Neno bado ni la mwongoza ndege.

Kwa gharama, redio inashinda bila ubishi. Taa zinataka rada, nyaya chini ya lami na mafundi. Uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2024, taa za kusimamisha zilikuwa matengenezoni siku ndege mbili zilipogongana.

Uwanja wa ndege nne kwa siku, redio na kurudia maagizo vyatosha. Penye ukungu na njia zinazokatana, mimi ningezililia taa.