Mbegu za maua ya porini za mtandaoni, baada ya miaka miwili

Naandika leo na sio ule mwaka nilionunua kwa sababu hizi mbegu ukizipa nyota mwaka wa kwanza utazionea. Niko Leeds, Uingereza, nyuma ya nyumba nina kieneo cha mita za mraba 10 hivi, nikaagiza pakiti ya gramu 50 kwa pauni 14, mchanganyiko wa popi, klova nyekundu, foksglovu (yale maua ya vikengele) na mengine, nikamwaga mwezi wa nne.

Mwaka wa kwanza zikatoka popi na maua fulani ya bluu basi, wakati picha ya pakiti inaonyesha bustani nzima imejaa rangi. Hapo muuzaji amekosea, angeandika wazi kwamba foksglovu inaanza na majani tu, maua mpaka mwaka unaofuata, mimi nusura ning'oe nikidhani magugu. Na kuhusu udongo hawasemi neno! Kwa mazoea ya nyumbani nikatia mbolea upande mmoja, loh, nyasi zikapanda zikameza kila kitu, kumbe maua ya porini yanataka udongo uliochoka.

Ila sasa hao nyuki jamani. Sio wa asali, ni wale wanene wenye manyoya kama wamevaa sweta, bambolbii, kwetu Afrika Mashariki hawapo, sisi tuna wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Asubuhi nakaa na chai yangu namuangalia mmoja ameingia kwenye popi, popi haina nekta hata tone, yeye kafuata chavua, anazunguka mle ndani anatetemesha mwili mzzzz mpaka petali zinacheza, akitoka miguu ya nyuma imebeba vidonge vyeusi maana chavua ya popi ni nyeusi. Mwaka huu foksglovu zimefunguka, anaanza kikengele cha chini anapanda kimoja kimoja, akizama unaona makalio tu. Hata siku ya rasharasha na baridi, nyuki wa asali huwaoni, hawa wapo kazini.

England na Wales zimepoteza asilimia 97 ya mbuga zao za maua tangu miaka ya 1930, ndio maana nikihesabu nyuki kumi kwenye kieneo changu nafurahi kweli.

Nyota 4, moja nimekata kwa ile picha. Mwezi wa tisa naagiza nyingine ya upande ule wa mbolea, ila kwanza nakwangua udongo wa juu wote.