Programu ya kujifunza kuongea Kijapani: matamshi safi, ila inadakia mno

Nimeitumia miezi miwili hivi, naipa nyota 3 kati ya 5. Jina silitaji, malalamiko nimeshawaandikia wenyewe na wameuchuna.

Ni ile ya kupiga stori na sauti ya roboti. Matamshi inafundisha vizuri, inakusikia hata ukiwa na mafua, hapo sina neno. Tatizo inadakia. Ukivuta pumzi tu inajua umemaliza, inakurukia na swali lingine, na we bado unatafuta kitenzi ambacho kwa Kijapani kinakaa mwisho kabisa wa sentensi!

Ila somo la kukataa mwaliko ndo lilinimaliza. Mjapani akialikwa na hataki, mara nyingi hasemi hapana, anasema "ashita wa chotto...", yaani "kesho kidogo...", halafu basi, anaiacha hewani, na mwenzake ameshaelewa, anamwambia haya siku nyingine. Kile kimya ndo hapana yenyewe. Nikajibu hivyohivyo, nikanyamaza kwa adabu zangu zote, ikaniwekea nyekundu eti sentensi haijakamilika. Nikarudia na "siwezi kuja" kavukavu, nikapewa 100. Mia ya ujeuri hiyo.

Halafu zile "hai, hai" za kuitikia mtu anapoongea, wenyewe wanaziita aizuchi, maana yake nakusikia endelea, sio lazima nimekubali. Programu ikizisikia inanyamaza, inadhani nimejibu swali. Nikiitikia naharibu, nisipoitikia nazoea kukaa kama gogo, nikikutana na Mjapani wa kweli atadhani nimelala.

Na msidhani Wajapani ni wazito wa kujibu. Kuna utafiti wa 2009 wa lugha 10, maswali ya ndio na hapana, waliojibu fasta kuliko wote ni Wajapani, wa mwisho Wadenmaki, na tofauti yao haifiki nusu sekunde. Kwa ujumla majibu ya kukubali yaliwahi kuliko ya kukataa, kwa hiyo mtu akichelewa kidogo tu sikio linaanza kuhisi kitu. Hii yetu haihisi, inahesabu tu sekunde.

Mkiichukua, ndani kabisa kwenye mipangilio kuna kitufe cha kubonyeza mwenyewe ukimaliza kuongea, kiwasheni siku ya kwanza. Somo la mialiko rukeni, tafuteni mtu.