Sabufa ya ofisini kwangu na ule mvumo

Naandika haya sabufa yenyewe ikiwa juu ya kabati la mafaili, imewaka, kwa hiyo msishangae nikigeuka katikati.

Ofisi yetu ni ya wakala wa bima, Kinondoni. Chumba kimoja, watu watatu, feni moja na benchi la wateja. Tulitaka kitu kidogo cha kutupa taarifa ya habari, muziki wa chini chini mchana na Ijumaa taarabu. Redio ya simu ingetosha, ila mwenye simu akitoka kwenda benki anaondoka na redio ya ofisi nzima. Tukachanga. Kabla ya masika nikaingia Kariakoo na pesa ya watu mkononi, na hilo la pesa ya watu mlikumbuke.

Kosa langu nalisema: niliichagua kwa masikio ya dukani. Kariakoo hakuna anayekuwashia redio kwa sauti ya ofisini. Nje honi za bodaboda, duka la jirani linatangaza ofa kwa kipaza sauti, na kijana anakubonyezea bongo fleva mpaka vioo vya kaunta vinatetemeka. "Unaisikia besi, dada yangu?" Nilikuwa naisikia kifuani. Kwenye boksi wameandika wati 8000. Pasi yangu ya nyumbani ni wati 1000, kwa hiyo nilikuwa nanunua pasi nane kwa Sh 130,000. Kibati cha nyuma, karibu na waya wa umeme, kinasema 40. Nani anageuza redio dukani asome mgongoni? Geuzeni.

Kesho yake ofisini nikaichomeka, nikaweka sauti ya kiungwana, ile ambayo mteja anaweza kueleza gari lake limegongwaje bila kupayuka. Ndipo nikausikia. Vuuuu. Chini ya maneno ya mtangazaji, kutoka kwenye lile boksi kubwa. Nikapunguza mpaka sifuri: mtangazaji akanyamaza, vuuuu ikabaki. Mteja wa kwanza aliuliza kama jirani amewasha jenereta. Wa pili, mzee mmoja mstaarabu, alitazama dari kwa muda, akauliza kwa upole kama tunajua kwamba tuna nyuki.

Nikahangaika. Nikachomoa waya wa kompyuta, maana nilishaambiwa mvumo mara nyingi unaletwa na kompyuta na soketi isiyo na ethi. Haukuondoka. Nikahamisha soketi, haukuondoka. Nikaiacha haijaungwa na kitu chochote isipokuwa umeme, nikauona kama umenenepa. Basi ni wake, amezaliwa nao.

Nikaipakata kwenye bajaji kurudi Kariakoo. Kijana yule yule. Siku ya kununua nilikuwa "dada yangu", nilikuwa "bosi", nikavutiwa stuli na kupewa maji ya kunywa. Siku ya kurudisha nikawa "we mama". Akaichomeka, akapandisha sauti mpaka mwisho.

"Mvumo uko wapi?"

Nikamwambia apunguze.

"Redio mpya unaipunguza ya nini?"

Nikamwambia basi zima wimbo, iache redio peke yake, sikiliza. Akawageukia wenzake kwanza, akahakikisha wanamtazama, ndipo akanitolea hili ambalo mpaka leo nikiwa naosha vyombo linanirudia: "We mama, umekuja kusikiliza muziki au umekuja kusikiliza umeme?"

Duka zima likacheka. Hata mteja mmoja aliyekuwa anachagua tivii, yasiyomhusu ndewe wala sikio, alicheka kuliko wote.

Nikatoa kadi ya garantii. Mwaka mmoja, alisema kwa mdomo wake. Nyuma ya kadi, kwa herufi za kutafutwa na miwani, imeandikwa kwamba garantii haihusu spika, transfoma, rimoti, wala hitilafu iliyoletwa na umeme. Kimebaki nini? Mbao na skrubu. Akanionyesha na karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Mwanasheria wa ghorofa ya juu yetu aliniambia baadaye karatasi ile haifuti sheria, mtu hawezi kukuuzia kitu kibovu akajificha nyuma ya gundi, na ningeweza kwenda Tume ya Ushindani. Ningeweza. Lakini mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku wasome maandishi madogo kabla ya kusaini. Nilikuwa na aibu zangu.

Jioni ile nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaani, kwa herufi kubwa zote: MSINUNUE SABUFA. Nilimaanisha.

Kisha nikaipeleka kwa fundi redio mmoja jirani na kituo cha daladala, mtu asiye na maneno. Akafungua skrubu, akanionyesha kwa bisibisi: kapasita mbili nene, moja kichwa kimevimba kama kimeumwa na nyigu. Akanieleza kwamba umeme wa TANESCO unapigapiga, mizunguko 50 kwa sekunde, na hizo ndizo zinazoutuliza ukiwa ndani ya redio. Zikichoka, au kiwandani wakiweka ndogo ili kubana gharama, kile kipigo kinapita mpaka kwenye spika. Nikanyamaza. Kumbe yule mshenzi alisema kweli: nilikuwa nasikiliza umeme. Sh 8,000, kapasita humo humo, na akaniwekea kubwa kuliko za mwanzo.

Ikatulia. Jamani. Nikaweka sauti ya chini kabisa, ile ambayo hata feni inaishinda, na udi ukasikika uzi kwa uzi. Siku tatu mfululizo nilifika ofisini kabla ya mfagizi. Kwa chumba kama chetu sidhani kuna haja ya kutumia zaidi ya zile 130,000, na nilishaanza kutafuta ule ujumbe wa herufi kubwa niufute.

Sikuufuta. Wiki hiyo hiyo, umeme umekatika na kurudi, benchini amekaa mama aliyekuja kufuatilia fidia ya mumewe aliyegongwa, nimemshika mkono, mara redio ikajisemea kwa Kiingereza cha mwanamke kwamba imeungwa. Singeli ikalipuka. Kinyozi wa mlango wa pili! Blututhi ya hii redio haina namba ya siri, simu yoyote ya karibu inaingia. Ukiiacha kwenye FM hawezi, ila umeme ukirudi inajirudisha yenyewe kwenye blututhi na kusahau sauti uliyoiwekea. Mama wa watu aliruka na kitenge kikamdondoka. Nilitamani kuitupa dirishani, na dirisha letu lina nondo.

Sasa nikichomoka ofisini nachomoa na waya wake. Kinyozi ameomba radhi, ingawa kwa jinsi alivyokuwa anatabasamu sijui. Na nikiulizwa, nasema nyota mbili. Kwa yule kijana hakuna nyota. Kwa fundi zote tano, lakini yeye hauzi redio.

Wenzangu wanataka tuiuze, tugawane pesa yetu. Nimekubali, kwa sharti kwamba mnunuzi nimwashie kwa sauti ya chini na nimwambie yote, mpaka habari ya kinyozi. Juzi alikuja mmoja. Aliisikiliza dakika nzima bila kusema neno, akatikisa kichwa taratibu, akauliza bei. Nikamtajia 200,000.