Biro ya avoka Kamalondo: walinisaidia kuandika wasia, nyota nne

Naisifu biro hii ndogo ya avoka (wakili) hapa Lubumbashi, Kongo, kwa jambo moja hasa: swali walilonipa.

Mimi ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi. Nilifika na orodha yangu tayari: nyumba ya Katuba, mashine ya kusaga mahindi, shamba la njia ya Kasenga, kila kitu na jina la mtoto wa kukipokea. Avoka, mama mtu mzima, aliisoma taratibu, kisha akasema: “Papa, na vile haukuandika humu, ni vya nani?”

Hapo ndipo tulipokaa sana. Kodi ambayo wapangaji watakuwa hawajalipa. Mifuko ya mahindi itakayokuwa stoo siku nitakayokufa. Pikipiki nikiinunua mwakani. Hata mashine yenyewe, kama mtoto niliyemwachia atatangulia kufa. Katika matanga niliyohudhuria, ndugu waligombana juu ya vitu vya namna hiyo kabla ya kufika kwenye nyumba. Pesa za garanti, zile wapangaji walizoweka walipoingia, aliniambia tuziandike kama deni: si zangu, zirudishwe kwanza, ndipo watu wagawane.

Nilitaka yote yanayosalia apewe mjukuu niliyemlea. Akanionyesha kwamba fungu la watoto lingeguswa. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, pamoja na wa nje ya ndoa waliotambuliwa na baba yao. Robo nyingine ni ya mke, wazazi na ndugu, na mke anabaki na haki ya kukaa katika nyumba tuliyoishi. Basi tukaandika: yaliyosalia ni ya watoto wote, sawa kwa sawa, aliyefariki, watoto wake wachukue fungu lake. Mjukuu nimempa cherehani na vyombo vyangu vya kazi kwa jina lake. Nimeridhika.

Nyota moja nimeizuia. Bei waliitaja mwishoni, na andiko lote ni Kifaransa. Mke wangu alistahili kusomewa kwa Kiswahili, pole pole. Karani alisoma mbio mpaka nikamwomba arudie.

Saini niliweka mbele ya notari, ofisa anayethibitisha maandiko. Anayependa kuandika wasia wake nyumbani, auandike wote kwa mkono wake mwenyewe, atie tarehe na saini. Ukienda kwao, beba karatasi za parseli (kiwanja), majina kamili ya watoto wote na mikataba ya wapangaji.